Ndani ya Kamba: Shajara ya Siku 11

Siku ya 1. Athens, kilima cha Pnyx

Tumetua mchana. Jua halijazama, na mpwa wangu alikuwa ameshanivuta mpaka Pnyx, magoti yangu yakilalamika njia nzima. Binti huyu anasoma sheria, mwaka wa tatu. Mimi ni karani wa uchaguzi mstaafu: chaguzi tano nimekaa nyuma ya meza yenye daftari, wino na sanduku, tatu kati ya hizo nikiwa msimamizi wa kituo. Safari hii ni ahadi niliyompa angali sekondari, kwamba ipo siku tutakwenda kuona kwa macho mahali watu walipojaribu kujitawala.

Pnyx si jengo. Ni mteremko wa mwamba ulio wazi, na upande mmoja kuna jukwaa lililochongwa kwenye jiwe lenyewe, lenye ngazi. Jukwaa linaloonekana leo ni la karne ya 4 KK, lakini mikutano ya raia ilikwishaanza zamani zaidi, baada ya mageuzi ya mwaka 508 KK ya Cleisthenes, mwanasiasa wa Athens. Mpiga mbiu aliuliza, "Nani anataka kusema?" na raia yeyote aliweza kupanda. Kisha mikono ikainuliwa. Kwa mambo mazito, kama kumpa mgeni uraia, walitakiwa wafike watu 6,000.

Kilichonichekesha ni kamba. Watu walizubaa sokoni wakipiga soga, kwa hiyo watumishi wa mji walivuta kamba iliyopakwa rangi nyekundu, wakawaswaga kuelekea kilimani kama mbuzi. Aliyeguswa alionekana kwa doa kwenye vazi. Kituoni kwangu kamba ilikuwa ya kupanga foleni. Hapa ilikuwa ya kuwasukuma watu waende kutawala.

"Mjomba," mpwa wangu akauliza, "na wale ambao hata kamba haikuwahangaikia?"

Wanawake. Watumwa. Wahamiaji, hata waliokaa Athens maisha yao yote. Na kuanzia sheria ya mwaka 451 KK, yeyote ambaye baba na mama yake hawakuwa wote wawili Waathens. Nikamwambia alishike swali hilo, tutalibeba mpaka mwisho wa safari.

Siku ya 2. Makumbusho ya Agora

Leo nimekaa ndani saa tatu, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyechoka kabla yangu. Agora ni soko la kale la Athens. Makumbusho yako kwenye Stoa ya Attalos, ukumbi mrefu wa nguzo uliojengwa upya miaka ya 1950. Ndani kuna vifaa vya uchaguzi. Vifaa vyangu!

Cha kwanza ni kipande cha bamba la marumaru chenye safu za vijitundu vyembamba. Raia aliyetaka kuwa hakimu siku hiyo alichomeka humo kibao chenye jina lake. Pembeni palikuwa na mrija, wakamimina gololi nyeupe na nyeusi, zikashuka moja moja. Ikitoka nyeupe, safu nzima imepata kazi. Ikitoka nyeusi, safu nzima inarudi nyumbani. Utamhonga nani, na hakuna ajuaye asubuhi ni nani atakayekaa kitini mchana? Nikamwambia binti kwamba hiyo ndiyo kura hasa. Neno lenyewe tumelitoa Kiarabu, kwa maana ya kuacha bahati iamue, na hadi leo watoto wakigombea kitu kimoja tunawaambia wapige kura. Waathens walijaza hivyo nafasi nyingi za serikali, hata Baraza la watu 500, 50 kutoka kila moja ya makabila 10. Kuinua mikono kuchagua mtu walikuweka kwa majemadari na wachache wengine. Sisi tumebaki na neno, kitu chenyewe tumekibadilisha.

Kabati linalofuata lina visahani vya shaba, kila kimoja na kijiti kifupi katikati. Vijiti vingine vina uwazi kama mrija, vingine havina. Hakimu alipewa viwili: chenye uwazi ni cha mshtaki, kisicho na uwazi ni cha mshtakiwa. Ukikishika kwa kidole gumba na cha shahada, ncha zote mbili zinafunikwa. Hakuna anayejua umeshika kipi unapokwenda kwenye mitungi. Kimoja unakitumbukiza kwenye mtungi wa kuhesabiwa, cha pili kwenye mtungi wa kutupia. Nilijaribu kwa kifuniko cha kalamu, mlinzi akaniangalia kwa huruma. Uingereza haikupata kura ya siri mpaka mwaka 1872 BK. Kabla ya hapo mpiga kura alitaja jina kwa sauti, mwenye shamba lake akiwa anasikia.

Halafu vigae. Mara moja kwa mwaka wananchi waliweza kuamua kumfukuza mtu mmoja kwa miaka 10, bila kosa, bila kumnyang'anya mali, ili tu asije akawa mkubwa kuliko mji. Jina liliandikwa kwa kukwaruza kigae cha chungu kilichovunjika. Kwenye kisima kimoja upande wa kaskazini wa Akropoli vilichimbuliwa vigae 190 vyenye jina la Themistocles, shujaa wa vita vya Salamis. Wataalamu walipochunguza mwandiko waliona mikono 14 tu.

Hapo sikuhitaji maelezo ya ukutani. Niliwahi kumwaga sanduku mezani nikakuta fungu la karatasi zimekunjwa kwa mkunjo mmoja, kona kwa kona, kama shati lililotoka kwa dobi. Mikono 14, vigae 190. Karne ya 5 KK, na tayari kuna kundi limekaa mahali linawaandalia watu kura zao.

Karibu na kutoka tulisimama mbele ya jiwe la mwaka 337 KK lenye sheria dhidi ya wanaotaka kupindua utawala wa watu. Juu yake pamechongwa picha: Wananchi ni mzee mwenye ndevu aliyeketi, na nyuma yake Demokrasia anamvisha taji. Demokrasia ni mwanamke. Mpwa wangu aliangalia kwa muda mrefu. "Anamvisha taji," akasema, "halafu anarudi jikoni." Miaka 15 baadaye, 322 KK, Wamasedonia waliuzima utawala huo.

Siku ya 3. Njiani

Ndege, kusubiri, mvua ya London. Hakuna la kuandika.

Siku ya 4. Runnymede

Malisho kando ya Mto Thames, nyasi zimelowa. Tarehe 15 Juni 1215 Mfalme John alikutana hapa na mabwana waliomwasi, akakubali hati ya masharti, ile iitwayo Magna Carta. Nilitarajia mnara, nikakuta uwanja, na viti 12 vya shaba vimepangwa kama vya wazee wa baraza, wazi kwa yeyote kukaa. Ni kazi ya msanii Hew Locke, iliyowekwa hati ilipotimiza miaka 800. Tukakaa. Shaba iliyonyeshewa ni baridi kuliko unavyofikiri.

Mfalme hakutia saini, hati ilipigwa mhuri. Na ndani ya wiki 10 Papa Innocent III alikuwa ameshaifuta, kwa ombi la mfalme huyohuyo. Ilifufuliwa alipokufa, mwaka 1216, ikatolewa tena 1217 na 1225. Wengine huisimulia kana kwamba siku moja haki ilishuka hapa kama manna. Ilishuka ikapanda, ikashuka tena.

Siku ya 5. Salisbury na Old Sarum

Zimebaki nakala nne za hati ile ya mwaka 1215, moja iko kwenye kanisa kuu la Salisbury. Karatasi yenyewe ni ngozi, mwandiko wa Kilatini mdogo kama mchwa wamepanga mstari. Mwaka 2018 mtu alijaribu kuvunja kioo chake kwa nyundo, hati haikudhurika.

Mpwa wangu alikuwa na tafsiri kwenye simu, akanisomea kwa kunong'ona. Vifungu vingi ni vya mambo ya siku zile. Kifungu cha 33 kinaamuru mitego ya samaki iondolewe Thames. Cha 8 kinasema mjane asilazimishwe kuolewa. Halafu cha 39: mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Na cha 40: hatutamuuzia mtu haki, hatutamnyima, hatutamcheleweshea.

"Mtu huru," nikamwambia, "kwa Kiswahili cha zamani ni muungwana." Leo tukisema muungwana tunafikiria mtu wa adabu, lakini maana ya kwanza ni asiye mtumwa. Kifungu cha 39 kilikuwa cha waungwana. Wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, nao walikuwa wengi, hawakuwemo. Ila nimegundua kitu: waliandika "mtu huru" bila kutaja ni yupi. Neno likaachwa wazi kama mlango usio na komeo.

Mchana tukaenda Old Sarum, kama kilomita tatu kaskazini ya mji. Hiki ni kilima chenye mahandaki, mabaki ya ngome na misingi ya kanisa la zamani. Kanisa lilihamia bondeni kuanzia mwaka 1220, watu wakalifuata, na kilima kikabaki na kondoo. Lakini mji huu usio na watu uliendelea kupeleka wabunge wawili London mpaka mwaka 1832! Kwenye uchaguzi wa mwisho wapiga kura hawakuzidi 11, na wala hawakuishi hapa. Walikuwa na haki hiyo kwa kumiliki viwanja. Wakati huohuo Manchester, yenye watu zaidi ya laki moja na moshi wa viwanda, haikuwa na mbunge hata mmoja. Jimbo zima lilinunuliwa na kuuzwa kama shamba. Familia ya Pitt ilikuwa nalo, na William Pitt, aliyekuja kuongoza serikali, aliingia bungeni mara ya kwanza kwa mlango huu mwaka 1735.

Wapiga kura walikusanyika chini ya mti shambani. Nilisimama nyasini nikajaribu kupanga kituo changu: meza hapa, sanduku pale, mawakala wa vyama kule, foleni kuelekea handaki. Foleni ya watu 11. Ningefunga kituo saa tatu asubuhi nikalale. Kondoo mmoja alinikazia macho kama mpiga kura aliyekosa jina lake kwenye daftari, na uso huo naufahamu vizuri.

Siku ya 6. Putney

Kanisa la Mtakatifu Maria liko ubavuni mwa daraja, magari yananguruma nje. Tarehe 28 Oktoba 1647 askari wa jeshi lililomshinda Mfalme Charles wa Kwanza walikaa humu kuulizana: tumeshinda, sasa nani atawale? Oliver Cromwell, mmoja wa majenerali wao, alikuwa mwenyekiti. Askari wa vyeo vya chini walituma wawakilishi wao, na mezani palikuwa na pendekezo lililoitwa Makubaliano ya Watu.

Kesho yake Kanali Thomas Rainsborough akasema maneno ambayo sasa yameandikwa ukutani kanisani: kwamba maskini kuliko wote Uingereza ana maisha yake ya kuishi sawa na mkubwa kuliko wote, na kwa hiyo kila atakayewekwa chini ya serikali ni lazima kwanza aridhie mwenyewe. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, alimjibu bila kupepesa macho: kura ni ya mwenye mali isiyohamishika. Asiye na kitu atapiga kura ya kutugawa sisi wenye kitu. Mimi hoja hiyo sikuisoma kitabuni. Niliisikia kituoni, kwa mzee mmoja mwenye suti, akiwaangalia vijana waliokuwa mbele yake kwenye foleni.

Hata upande wa Rainsborough kamba haikuzunguka wote. Mwenzao Maximilian Petty aliposhikwa na maswali alikubali kwamba watumishi wa nyumbani na wanaoishi kwa sadaka waachwe nje, kwa kuwa watafuata anavyotaka tajiri wao. Wanawake hawakutajwa kabisa.

Tunayajua haya kwa sababu ya karani. William Clarke, katibu wa jeshi, aliandika mjadala kwa hati mkato. Maandishi yakalala zaidi ya miaka 200 hadi yalipogunduliwa kwenye maktaba ya chuo kimoja Oxford, yakachapishwa mwaka 1891. Wanenaji walikuwa wengi siku hizo. Aliyeshika kalamu ndiye nimemwombea dua.

Siku ya 7. Westminster Hall

Ukumbi umejengwa mwisho wa karne ya 11. Paa lake la mbao liko juu sana, sauti ikipanda haishuki. Sakafuni kuna kibao cha shaba palipokuwa kiti cha Charles wa Kwanza aliposhtakiwa Januari 1649. Watalii wanakanyaga wanapita.

Mpwa wangu alikuwa anatafuta kesi nyingine, ambayo haimilikiwi na mfalme yeyote. Mahakama zilikaa ndani ya ukumbi huuhuu kwa karne nyingi, na Juni 1772 Jaji Mansfield alitoa hapa hukumu ya James Somerset. Huyu alikuwa Mwafrika aliyeuzwa Virginia, akaletwa London na bwana wake, akatoroka, akakamatwa, akafungwa minyororo ndani ya meli iliyokuwa ikienda Jamaica. Rafiki zake wakaomba hati ya kumleta mtu mbele ya hakimu, chombo kilichoimarishwa na sheria ya mwaka 1679. Mansfield akasema sheria ya Uingereza haimruhusu bwana kumtoa mtu nchini kwa nguvu. Somerset akatoka akiwa huru. Utumwa kwenye makoloni ukaendelea zaidi ya miaka 60, hilo lisifichwe. Lakini fikiria: ulinzi wa mwili wa muungwana, ule wa kifungu cha 39, ameushika mtu ambaye waungwana walidai ni mali yao.

Tulitaka pia kuona kabati la mifagio kwenye kanisa la chini ya ukumbi, alimojificha Emily Wilding Davison, mpigania kura ya wanawake, usiku wa sensa, tarehe 2 Aprili 1911. Alitaka aandikwe kwamba makazi yake usiku huo yalikuwa Bunge, nyumba ambayo hakuruhusiwa kuichagua. Na makarani walimwandika kweli. Kanisa lilikuwa limefungwa leo. Wanawake wa miaka 30 na zaidi wenye masharti fulani ya mali walipata kura mwaka 1918. Usawa na wanaume ulikuja 1928. Davison alikuwa ameshakufa, 1913, baada ya kugongwa na farasi wa mfalme kwenye mashindano.

Siku ya 8. Versailles

Treni ikapita chini ya bahari, nikalala. Ukumbi wa mchezo wa mpira wa kiganja ni mtupu, mrefu, madirisha juu. Tarehe 20 Juni 1789 wajumbe wa tabaka la tatu, yaani watu wasio makasisi wala makabaila, walikuta ukumbi wao wa mikutano umefungwa, wakaingia humu na kuapa hawatatawanyika mpaka Ufaransa iwe na katiba. Neno letu raia asili yake ya Kiarabu ni kundi linalochungwa. Siku ile kundi lilikataa kwenda malishoni.

Mtu mmoja, Joseph Martin-Dauch, alikataa kuapa. Akasaini na kuandika pembeni kwamba anapinga. Wenzake walitaka kumrukia, lakini mwenyekiti Jean Sylvain Bailly akaacha pingamizi libaki kwenye hati. Sanamu ya Bailly imesimama humo. Mimi ningemchongea kwa hilo peke yake: kuhifadhi kura ya mmoja aliyesema hapana.

Siku ya 9. Paris

Tangazo la Haki la tarehe 26 Agosti 1789 lina vifungu 17 na linaanza na "homme", neno ambalo kwa Kifaransa ni mtu na ni mwanamume pia. Mwaka 1791 Olympe de Gouges aliandika tangazo lake kwa ajili ya wanawake: kama mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa, awe na haki ya kupanda jukwaa la kunena. Haki ya kwanza alipewa, kwa gilotini, tarehe 3 Novemba 1793, kwenye uwanja unaoitwa leo Place de la Concorde. Magari yanauzunguka bila kupumua. Wafaransa wa kike walipiga kura mara ya kwanza Aprili 1945.

Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa huko Karibi, hawakusubiri tafsiri ya neno. Waliasi mwaka 1791. Februari 1794 Paris ikakubali kufuta utumwa, Jean-Baptiste Belley, aliyewahi kuwa mtumwa, akiwa mbunge ukumbini. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha. Saint-Domingue ikajibu kwa kuwa Haiti, tarehe 1 Januari 1804.

Jioni Palais de Chaillot, ng'ambo ya mto kutoka Mnara wa Eiffel. Hapa tarehe 10 Desemba 1948 Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipita kwa kura 48, hakuna iliyopinga, nchi 8 hazikuegemea upande. Katika kuliandika, Hansa Mehta wa India alidai maneno ya Kiingereza yaliyoweza kusomeka "wanaume wote" yabadilishwe, yakabadilishwa. Kwa Kiswahili asingepata kazi: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Mtu ni mtu. Mpwa wangu akanikata kiburi: "Lugha haina jinsia, Mjomba, lakini kituoni kwako nani alikuwa anaulizwa kama mumewe anajua amekuja?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilimsikia wakala akiuliza hivyo nami nikanyamaza.

Kati ya zile nchi 8 ilikuwemo Afrika Kusini.

Siku ya 10. Angani

Usiku mzima.

Siku ya 11. Johannesburg, Constitution Hill

Kilima hiki kilikuwa gereza. Gandhi alifungwa hapa, Mandela alifungwa hapa, na maelfu ambao kosa lao lilikuwa kutembea bila pasi, kibali walicholazimishwa Waafrika kubeba. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Aprili 1994 majaji walikichagua kuwa makao ya Mahakama ya Katiba. Jengo la mahabusu likabomolewa, ngazi zake zikaachwa zimesimama, na matofali yakajengwa ndani ya mahakama mpya iliyofunguliwa mwaka 2004. Yanaonekana ukutani, mekundu, hayakupigwa lipu.

Milango mikubwa ya mbao imechongwa haki 27 za katiba. Nilipitisha kiganja kwenye herufi mpaka mpwa wangu akaniita. Ndani, meza ya majaji 11 imefunikwa kwa ngozi za ng'ombe, kila ngozi na mabaka yake, hakuna mbili zinazofanana.

Akanisimulia kesi moja. Mwaka 1999 wafungwa walilalamika kwamba hawajaandaliwa namna ya kuandikishwa, na mahakama hii, ikiwa bado kwenye jengo la awali, ikaamuru waandikishwe na wapige kura, kwa sababu kura ni alama ya utu na inasema kila mtu anahesabika. Nilikaa chini. Miaka yangu yote mezani, sikuwahi kuuliza daftari la magereza liko wapi.

Nyuma ya viti vya majaji kuna dirisha refu jembamba, usawa wa barabara ya nje. Kutoka ukumbini huoni nyuso za wapitao. Unaona miguu. Nikaanza kuhesabu, ugonjwa wa kazi: viatu vya ofisini, ndala, magurudumu ya mkokoteni, buti zenye saruji. Nilipofika 40 vikasimama viatu vya shule, kamba ya kimoja imefunguka. Mkono mdogo ukashuka, ukafunga fundo, ukavuta kukaza, viatu vikaendelea.

"Wangapi?" mpwa wangu akauliza.

"Arobaini na moja," nikamwambia, "bado foleni ni ndefu."